Somo la Afya: Kitabu cha Maji ya Mwili



Kijana anayeanza masomo ya uuguzi hapewi sindano siku ya kwanza. Kwanza hufundishwa jinsi mwili unavyofanya kazi ukiwa mzima: moyo unasukuma nini, figo zinachuja nini, utumbo unapokea nini. Akishaelewa hayo ndipo hufundishwa magonjwa. Sababu yake ni rahisi. Ukijua kitu kinavyofanya kazi kikiwa kizima, utagundua mapema kimeharibika wapi. Hata fundi wa baiskeli anafanya hivyo hivyo.

Huku vijijini mara nyingi tunaambiwa tu, "Fanya hivi, usifanye vile," bila kuelezwa ni kwa nini. Basi usiku mtoto akianza kuhara, nyanya anasema hivi, jirani anasema vile, na mama anabaki katikati hajui ashike lipi. Kwa hiyo tumechukua sehemu moja ya masomo yale ya uuguzi, yaani maji ya mwili, ili tuisome pamoja polepole. Mkilisoma somo hili katika mkutano wa kikundi, mmoja asome kwa sauti, na mbele yenu muwe na mtungi wa lita 20, chupa ya nusu lita na kijiko cha chai. Tutavihitaji.

MWILI UNA MAJI KIASI GANI?

Ukimtazama mtu amesimama utadhani ni nyama na mifupa tu. Lakini kwa watu wengi zaidi ya nusu ya uzito ni maji. Mtu mzima wa kilo 60 ana maji kama lita 33 hadi 36. Hiyo ni karibu mitungi miwili ya lita 20. Mtoto anapozaliwa, kama robo tatu ya uzito wake ni maji. Akikua kiasi hicho hupungua, lakini bado ni kikubwa: mtoto wa kilo 10 ana maji kama lita 6.

Maji hayo hayakai pamoja kama kwenye tangi. Kama theluthi mbili ziko ndani ya seli, yaani vile vyumba vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, vilivyojenga nyama, ngozi, ubongo na kila kiungo. Theluthi inayobaki iko nje ya seli: kati ya seli na seli, na ndani ya mishipa ya damu. Maji yaliyo kwenye damu ni machache kuliko yale mengine, lakini ndiyo yanayosafiri. Bila hayo damu haiwezi kupeleka chakula na hewa kwa seli, wala kuondoa uchafu wake.

Tena si maji matupu. Onja jasho, onja machozi: yana chumvi. Chumvi ndiyo inayoyashikilia maji mahali pake, na chumvi ikihama maji huifuata. Akina mama wanalijua jambo hili jikoni. Ukikata kabichi ukainyunyizia chumvi, baada ya muda mfupi utakuta maji yamejikusanya chini ya bakuli. Hakuna aliyeyatia. Chumvi imeyavuta. Sukari ikiwa nyingi nayo huvuta maji vivyo hivyo. Tulikumbuke hili, kwa maana tutalirudia tukifika kwa mtoto anayehara.

MAPATO NA MATUMIZI

Kila kikundi kina kitabu cha mapato na matumizi, na mwili nao unacho chake. Siku ya kawaida, isiyo na jua kali wala kazi nzito, kitabu cha mtu mzima huwa karibu hivi:

Mapato: vinywaji, lita 1 na nusu. Maji yaliyo ndani ya chakula kama ugali, mboga na matunda, mililita 700. Maji ambayo mwili wenyewe hutengeneza unapotumia chakula, mililita 300. Jumla ni lita 2 na nusu.

Matumizi: mkojo, lita 1 na nusu. Ngozi na pumzi, mililita 900. Choo, mililita 100. Jumla ni lita 2 na nusu.

Kitabu kimelingana. Sasa angalieni tena upande wa matumizi. Choo ndicho kinachotumia maji kidogo kuliko vyote, mililita 100 tu, kikombe kidogo cha kahawa. Hebu tuone ni kwa nini, na itakuwaje hesabu hiyo ikivurugika.

FIGO: MWEKA HAZINA MWANGALIFU

Figo ni mbili, ziko mgongoni chini ya mbavu, na kila moja ina ukubwa wa ngumi. Kazi yake ni kuchuja damu. Katika siku moja figo za mtu mzima huchuja kama lita 180 za maji kutoka kwenye damu. Hiyo ni mitungi 9! Si kwamba mtu ana maji hayo yote. Ni yale yale machache yanayozunguka na kupita hapo tena na tena. Na katika hizo lita 180, figo hurudisha karibu zote kwenye damu, zikatoa kama lita 1 na nusu tu pamoja na uchafu. Huo ndio mkojo.

Mtu akipungukiwa na maji, ubongo hujua mara moja. Humletea kiu, na pia hutuma ujumbe ndani ya damu kuziambia figo, "Bana matumizi." Mkojo unakuwa kidogo, wenye rangi nzito kama chai kali. Kwa hiyo ukitaka kujua hali ya hazina ya maji ya mtu, tazama mkojo wake. Mkojo mwingi wenye rangi hafifu, hazina iko salama. Mkojo kidogo wenye rangi nzito, mweka hazina ameanza kuhangaika. Mkojo ukikosekana kabisa, hali ni mbaya.

Lakini mweka hazina hawezi kutengeneza pesa. Anaweza kubana matumizi tu. Vivyo hivyo figo haziwezi kuleta maji ambayo hayapo, wala haziwezi kuufunga mlango wa choo kama mtu anahara. Mlango huo haumo mikononi mwake.

UTUMBO: MTO WA LITA TISA

Wengi wetu tunadhani tumbo ni kama gunia: kinaingia chakula, kinatoka choo. Sivyo. Kila siku mtu mzima huingiza kama lita 2 za maji kwa kula na kunywa. Juu ya hizo, mwili wenyewe humwaga ndani kama lita 7 nyingine: mate, maji ya tumbo, nyongo, maji ya kongosho na ya utumbo wenyewe. Kazi yake ni kulainisha na kuvunja chakula. Kwa hiyo kila siku kama lita 9 hupita ndani ya utumbo, karibu nusu mtungi.

Utumbo mwembamba huyanyonya mengi ya maji hayo na kuyarudisha kwenye damu. Yanayobaki hunyonywa na utumbo mpana. Mwishowe kinatoka kile kikombe kidogo tu. Ni mto mzima unaoingia shambani kisha ukarudishwa wote, isipokuwa kikombe kimoja.

Sasa vijidudu vikiingia pamoja na maji machafu, mikono michafu au chakula kilichokaliwa na nzi, ukuta wa utumbo huugua. Hapo unaacha kunyonya vizuri, na wakati mwingine unamwaga zaidi. Ndiyo maana mtu anayehara hutoa maji mengi kuliko aliyokunywa. Si maji ya chai ya asubuhi hayo. Ni maji ya damu yake. Kipindupindu ndicho kibaya kuliko vyote: sumu ya kijidudu chake huufanya utumbo umwage maji bila kukoma, na mtu mzima anaweza kupoteza hadi lita nzima kwa saa moja. Hapa kwetu Kenya mlipuko uliotangazwa Oktoba 2022 ulienea katika kaunti nyingi hadi mwaka 2023, na ulichukua maisha ya watu.

DENI LA USIKU MMOJA

Chukueni sasa ile chupa ya nusu lita, muiweke kando ya mtungi. Mtu mzima wa kilo 60 akipoteza nusu lita, amepoteza chini ya kilo 1 katika kila 100 za uzito wake. Atasikia kiu, anywe maji, yaishe.

Mtoto wa kilo 10 akipoteza chupa hiyo hiyo, amepoteza kilo 5 katika kila 100. Hapo tayari dalili za upungufu wa maji zinaonekana. Akipoteza chupa mbili, yaani lita moja, yuko kwenye hatari ya kifo. Tupige hesabu: akihara mara sita usiku, na kila mara atoe mililita 100, kufikia asubuhi amepoteza mililita 600. Na kama anatapika pia, ni zaidi. Kwa hiyo mtoto anaweza kulala akiwa mchangamfu, na jogoo akiwika awe hawezi kuinua kichwa. Hakuna aliyemroga. Ni hesabu tu.

Ndani ya mwili mambo hufuatana hivi. Damu yote ya mtoto huyo ni kama mililita 800, haifiki lita. Maji yakipungua, damu nayo inapungua, na moyo unalazimika kupiga mbio ili hiyo kidogo iliyobaki ifike kila mahali. Mwili unaanza kuchagua. Unainyima ngozi damu ili uulishe ubongo na moyo, ndiyo maana mikono na miguu inakuwa baridi. Macho yanabonyea. Machozi hayatoki hata akilia. Mdomo na ulimi vinakauka. Ukifinya ngozi ya tumbo ukaiachilia, haijirudi haraka, inabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Mwisho ubongo wenyewe unakosa damu ya kutosha. Mtoto analegea, hatazami, hanywi.

Hapo tuseme neno juu ya utosi. Katika sehemu nyingine, mtoto mchanga akihara na utosi wake ukaonekana umebonyea, husemwa kwamba utosi ndio ugonjwa. Anapelekwa kupakwa dawa kichwani au kuchanjwa. Jamani, utosi haujaleta kuhara. Utosi umebonyea kwa sababu maji yamepungua ndani, kama vile bwawa linavyoshuka wakati wa kiangazi. Ni ishara. Anayetibu utosi akaacha kurudisha maji ni kama anayepaka rangi ukuta na huku nyumba inaungua. Meno nayo yanasingiziwa sana. Mtoto anayeota meno hutia kila kitu mdomoni, na vitu hivyo vina uchafu. Msiseme, "Ni meno tu, itapita," mkaacha kumpa maji.

"SASA NIKIMPA MAJI SI ATAZIDI KUHARA?"

Swali hili huulizwa karibu katika kila kikundi, na ni swali la mtu mwenye akili. Mama anaona kila kinachoingia kinatoka. Anafikiri afadhali asimpe kitu, tumbo lipumzike. Kumbe hapo ndipo mtoto hupotea: upande wa matumizi uko wazi, na upande wa mapato tumeufunga kwa mikono yetu wenyewe.

Jibu liko kwenye ukuta wa utumbo. Ukuta huo una milango midogo mingi. Ugonjwa unapoingia, mingi inaharibika. Lakini kuna mlango mmoja ambao kwa kawaida hubaki ukifanya kazi, hata wakati wa kipindupindu. Mlango huo huingiza sukari na chumvi pamoja, mkono kwa mkono. Zikiingia, maji yanazifuata, kama yalivyofuata chumvi ya kabichi. Chumvi peke yake mlango huo haifunguliwi vizuri. Maji peke yake yanarudisha kidogo tu, na hayarudishi chumvi iliyopotea. Vikichanganywa kwa kipimo chake, maji yanarudi kwenye damu hata wakati mtoto bado anahara.

Jambo hili lilielezwa na mwanasayansi Robert Crane mwaka 1960. Lilionekana wazi mbele ya watu mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh. Wakimbizi wengi walivuka mpaka kuingia India, na kipindupindu kikawaingilia katika kambi ya Bongaon. Daktari Dilip Mahalanabis aliona maji ya kutundika mshipani hayatoshi. Akaamuru chumvi, glukosi na magadi ya kuokea vichanganywe kwa maji ndani ya madramu, na jamaa za wagonjwa wakawanywesha kwa vikombe. Kabla ya hapo, kati ya wagonjwa 100, watu 20 hadi 30 walikuwa wakifa. Kwa njia hii hawakufika 4. Waliofanya kazi hiyo wengi hawakuwa madaktari. Walikuwa akina mama, akina baba na ndugu wa wagonjwa, watu kama sisi.

Basi jibu kwa yule mama ni hili: kinywaji hiki hakifungi kuhara siku ile ile. Mtoto ataendelea kuhara siku chache. Lakini ataendelea akiwa hai, kwa sababu unamlipia deni kila linapoongezeka. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Maji ya mwili yanazoleka, mradi tuanze mapema.

JINSI YA KUTENGENEZA

Kilicho bora ni pakiti ya ORS, kwa kuwa imepimwa kiwandani, tena ina potasiamu, ambayo nayo hupotea mtu akihara. Soma maandishi ya pakiti. Nyingine ni ya nusu lita na nyingine ni ya lita moja, usikisie. Nawa mikono. Pima maji safi ya kunywa, yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotiwa dawa. Mimina pakiti yote, koroga hadi iishe. Usiongeze sukari, usiongeze chumvi. Kinachobaki baada ya saa 24 mwaga, utengeneze kingine.

Kama ni usiku na pakiti hakuna, tengeneza hivi:
- Maji safi lita 1 (chupa mbili za nusu lita).
- Sukari vijiko 6 vya chai, vilivyosawazishwa.
- Chumvi nusu kijiko cha chai, kilichosawazishwa.

Kusawazisha maana yake ni kupitisha kisu juu ya kijiko ili kisiwe na kilima. Onja kabla ya kumpa mtoto. Ikiwa ina chumvi kuliko machozi, mwaga uanze tena. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Sukari ikizidi nayo inavuta maji kutoka mwilini kuyaingiza kwenye utumbo, na kuhara kunaongezeka. Ndiyo sababu soda na juisi tamu za dukani si dawa ya mtoto anayehara. Asubuhi utafute pakiti.

Kiasi cha kumpa ni hiki. Mtoto wa chini ya miaka 2: mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuhara, yaani ile chupa ya nusu lita itoshe mara tano hadi kumi. Mtoto wa miaka 2 na zaidi: mililita 100 hadi 200 kila mara. Mpe kwa kikombe au kijiko, kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole zaidi. Usikate tamaa. Katika kila kijiko kuna kinachobaki ndani.

Mambo mengine manne:

1. Ziwa la mama lisikatwe. Mtoto anyonye mara nyingi zaidi ya kawaida.
2. Mtoto mkubwa aendelee kula: uji, viazi, ndizi, maharagwe yaliyopondwa. Utumbo hujitengeneza kwa chakula, si kwa njaa. Uji mwembamba na supu yenye chumvi kidogo pia husaidia kurudisha maji.
3. Ampewe zinki kutoka zahanati au duka la dawa, kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. Mtoto wa chini ya miezi 6 hupewa miligramu 10, na wa miezi 6 na zaidi miligramu 20. Zinki husaidia ukuta wa utumbo kupona, na hupunguza kuhara tena katika miezi inayofuata.
4. Usimpe mtoto dawa za kufunga tumbo. Maji yanaendelea kumwagika ndani ya utumbo hata kama huyaoni nje.

USINGOJE NYUMBANI

Mpeleke mtoto kituo cha afya mara moja, usiku au mchana, ukiona hata moja kati ya dalili hizi:
- amelegea mno, haamki vizuri au amepata degedege;
- hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila kitu;
- macho yamebonyea, au ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole;
- hajakojoa kwa muda wa saa 6;
- choo kina damu;
- ana homa kali, au ana umri wa chini ya miezi miwili;
- choo ni cha maji mengi mfululizo, kama maji ya mchele;
- amehara kwa siku 14 bila kupona.

Njiani endelea kumnywesha kama anaweza kumeza. Usingoje afike ndipo aanze.

ZOEZI LA KIKUNDI: MTOTO WA KIBUYU

Zoezi hili limetumiwa na walimu wa afya kwa miaka mingi, na halina gharama. Chukueni kibuyu, au chupa kubwa ya plastiki. Juu kateni tundu pana kama utosi wa mtoto, mlifunike kwa kitambaa chepesi kilicholowa. Chini kidogo ya hapo toboeni matundu mawili madogo, hayo ni macho. Chini mbele toboeni tundu dogo la mkojo, na chini nyuma tundu kubwa la choo. Zibeni yote kwa vijiti. Jazeni maji hadi yaguse kitambaa.

Sasa vueni vijiti vya macho: mtoto anatoa machozi. Vueni cha mkojo: anakojoa vizuri. Kisha vueni kile cha nyuma, mkae kimya mtazame. Machozi yatakoma. Kitambaa cha utosi kitabonyea. Mkojo utapungua, halafu utaisha. Mmoja aseme kwa sauti kila anachokiona.

Rudieni mara ya pili. Safari hii, mara tu kijiti cha nyuma kinapotoka, mama mmoja awe anamimina maji juu kwa kikombe, kwa kiasi kile kile kinachotoka chini. Machozi hayatakoma wala utosi hautabonyea, ingawa kuhara bado kunaendelea. Hapo hata mzee ambaye hakuwahi kuingia darasani atakuwa ameelewa somo lote.

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Kwanza, kikundi kiwe na kasha dogo la pakiti za ORS na zinki, likae kwa mwanachama ambaye mlango wake unaweza kugongwa usiku. Ulizeni zahanati na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chenu jinsi ya kuzipata. Mwaka 2023 wahamasishaji wapatao 100,000 walipewa mikoba ya kazi nchini, kwa hiyo mjueni wa kwenu ni nani.

Pili, kila boma liwe na chupa moja ya kipimo, safi, isiyotiwa mafuta ya taa wala dawa ya mifugo.

Tatu, mtenge kiasi fulani katika mfuko wa dharura kwa ajili ya bodaboda ya usiku. Watoto wengine hukosa msaada si kwa kuwa mama hakujua, bali kwa kuwa nauli haikuwapo.

Nne, hakikisheni watoto wamepata chanjo ya rota, ambayo ilianza kutolewa nchini Julai 2014. Inazuia aina moja kali ya kuhara, lakini si zote. Choo, maji safi na kunawa mikono kwa sabuni bado ni kazi yetu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu watu hufanya nini mtoto akianza kuhara? Ni lipi linaloongeza mapato ya maji, na ni lipi linalofunga mlango?
2. Kwa nini chupa ya nusu lita ni jambo dogo kwa baba na ni jambo kubwa kwa mtoto?
3. Nani nyumbani huamua mtoto apelekwe hospitali? Asipokuwepo, mama afanye nini?
4. Tutawafundishaje akina nyanya bila kuwavunjia heshima, tukijua wao ndio hubaki na watoto?

Bwana wetu alihesabu maji anayopewa mwenye kiu kuwa amepewa yeye mwenyewe. Mtoto mchanga hawezi kusema ana kiu. Anatusemesha kwa macho yake, kwa ulimi wake na kwa nepi iliyobaki kavu. Sasa tumejifunza kusoma lugha hiyo. Mwanachama mmoja akienda nyumbani akamfundisha jirani mmoja, kitabu cha kijiji kitaanza kulingana.